Nani Analipia Usiku? Malazi ya Madereva wa Malori, Kibaoni na Kwingineko

Anayetoka Mikumi kwa njia ya Kidatu na Mang'ula huingia Ifakara kupitia Kibaoni. Hapo barabara hugawanyika. Mkono mmoja huenda mjini na kuendelea hadi Mto Kilombero, kisha Lupiro, Mahenge na Malinyi. Mkono mwingine hupita chini ya milima ya Udzungwa kuelekea Mbingu, Mngeta na Mlimba. Mpunga wa bonde hili, wa ng'ambo ya mto na wa huku, kwa sehemu kubwa hupita hapa ukielekea Morogoro na Dar es Salaam. Ndiyo maana wakati wa mavuno, jua linapozama, kando ya barabara hujaa malori: Fuso zilizoshinda kwenye mashine za kukoboa zikipakia mchele, semi zinazomngoja dalali akamilishe mzigo, na magari matupu yaliyofika jioni na ambayo wenyewe hawataki kuingia njia ya Mlimba gizani.

Tazama namna lori moja linavyolazwa. Dereva huchagua mahali penye mwanga, aghalabu mbele ya sheli au karibu na kibanda cha mama lishe anayechelewa kufunga. Huliegesha tangi la dizeli likielekea kwenye taa, au likiwa limebanana na lori la mwenzake, maana wanaonyonya mafuta hupenda upande wenye giza. Utingo huteremka na mawe mawili, huyasukumiza nyuma ya matairi, kisha huzunguka akivuta kamba za turubai moja baada ya nyingine kuona kama zimekaza. Akimaliza hupanda juu ya mzigo na blanketi lake. Huko ndiko kitandani kwake. Dereva hunawa kwenye ndoo na kumwamkia mama lishe, "Shikamoo mama," naye huitikia, "Marahaba mwanangu, leo umetokea wapi?" huku akipakua wali na kambale bila kungoja kuagizwa. Baada ya hapo kila mtu hurudi garini. Mwenye semi ana kitanda nyuma ya kiti. Mwenye Fuso hujikunja juu ya viti vya mbele, miguu ikigusa mlango.

Gesti zipo, tena hatua chache tu kutoka hapo, zenye kitanda, chandarua na feni. Lakini posho ya safari ni ile ile, alale gesti au alale garini, na kile asichokitumia njiani ndicho atakachopeleka nyumbani. Katika biashara ya mchele kila gharama ina mwenyewe. Anayelipia kulima anajulikana, anayelipia kukoboa anajulikana, magunia, makuli na ushuru vivyo hivyo. Usiku wa dereva nao una gharama yake, na kwa Kibaoni hulipwa na dereva mwenyewe kwa mgongo wake. Jamii nyingine zilizosafirisha mizigo mbali ziliwahi kujiuliza nani alipie usiku huo, nazo hazikujibu namna moja.

Tuanze na njia zetu wenyewe. Katika karne ya 19 pembe za ndovu na vitambaa vilisafiri kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 au kupita. Mwendo ulianza alfajiri, kirangozi akitangulia, na kwa kawaida ulikoma kabla ya adhuhuri, jua lilipokuwa halijachoma sana. Muda uliobaki ulikuwa wa kambi. Walijenga vibanda vya matawi na nyasi, na penye hatari walizungushia boma la miiba. Posho ilitolewa kwa vitambaa au shanga, nazo zilibadilishwa vijijini kwa nafaka. Watawala wa nchi walizopita walidai hongo, na msafara uliolipa hongo ulipata ruhusa ya kupita, kupiga kambi, kuchota maji na kununua chakula. Wapagazi nao walizijua haki zao: posho ikipunguzwa, mizigo ilibaki chini mpaka mazungumzo yaishe.

Dereva wa Kibaoni ni mrithi wa watu hawa kwa mambo mawili. Anapewa posho na mwenye mzigo kama wao, na mzigo wake hutozwa njiani kama wao. Tofauti iko katika kile kinachonunuliwa na tozo hiyo. Hongo, pamoja na ukali wake na ugomvi wake wote, ilimpatia msafiri mahali pa kulala chini ya ulinzi wa mwenye nchi. Ushuru wa mazao unaolipwa leo kwenye kizuizi huenda kwenye mfuko wa halmashauri, huko unakochangia shule na zahanati, jambo jema lisilopingika. Ila anayeulipia gunia hapati kwa malipo hayo hata bomba la maji. Tofauti ya pili ni idadi. Mpagazi alilala katikati ya makumi au mamia ya wenzake. Dereva ana utingo mmoja, basi. Hata hivyo busara ya zamani haijafa: malori ya Kibaoni yanayobanana pua kwa mkia ni boma la miiba kwa namna nyingine, na dereva mgeni anayeegesha peke yake mbali na wenzake hufuatwa na kuambiwa asogee.

Iran ilikwenda njia nyingine. Huko mfalme ndiye aliyeulipia usiku. Shah Abbas wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1588 hadi 1629, anakumbukwa kwa misururu ya karavanserai zilizojengwa kando ya njia kuu, kwa umbali wa takriban kilomita 30 hadi 40, yaani mwendo wa siku moja wa mnyama aliyebeba mzigo. Muundo wake ulikuwa wa busara: ukuta mnene wa matofali, lango moja lenye kimo cha ngamia na mzigo wake, ua wazi katikati, vyumba vya watu kuuzunguka, mazizi nyuma yake, na birika la maji. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza karavanserai 54 za Iran katika orodha ya urithi wa dunia. Wakati wa kiangazi misafara mingi ya huko ilitembea usiku na kulala mchana, kwa hiyo jengo lilitoa kivuli kwanza, ulinzi baadaye. Mfalme hakufanya haya kwa sadaka tupu. Biashara ya hariri ilikuwa mikononi mwake, na njia isiyolaza watu salama ingemkosesha mapato. Alijua kwamba usingizi wa mchukuzi ni sehemu ya bei ya hariri.

Waturuki wa Anatolia walijenga majumba yanayofanana na hayo, tena mapema zaidi. Sultan Han, karibu na Aksaray, lilijengwa mwaka 1229 wakati wa Alaeddin Keykubad wa Kwanza, na lango lake la mawe yaliyochongwa bado linasimamisha wapita njia. Hapa mlipaji alikuwa wakfu. Mashamba, maduka au vijiji vizima vilifungwa kwa hati ili mapato yake yalishe wasafiri milele. Hati ya wakfu ya Karatay Han, ya katikati ya karne ya 13, iliagiza kila msafiri apewe chakula, awe Mwislamu au asiwe, awe huru au mtumwa, mwanamume au mwanamke. Wagonjwa watibiwe, viatu vilivyochakaa vitengenezwe. Msomaji wa pwani atautambua moyo huo, maana misikiti na visima vyetu vingi vilisimama kwa wakfu, na kumchotea maji msafiri ni thawabu inayojulikana kila mtaa.

Ukarimu huo ulikuwa na mpaka wake. Mila ya Kiislamu humpa mgeni siku tatu za haki. Na Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mipaka hii miwili inakaribiana kwa hesabu lakini haifanani kwa nia. Anayefadhiliwa na wakfu anatarajiwa kuendelea na safari na kumpisha mwingine. Anayepewa jembe anatarajiwa kubaki na kuwa mtu wa nyumbani. Dereva haingii katika lolote kati ya hayo mawili: analala usiku mmoja tu, lakini hurudi kila baada ya wiki mbili kwa miaka mingi. Si mgeni wala si mwenyeji. Jamii chache sana zimewahi kumfikiria mtu wa namna hiyo.

Kuna jambo la karavanserai za Waosmani ambalo ningependa kila mwenye sheli alisikie. Msafiri wa karne ya 17, Evliya Çelebi, alieleza desturi ya nyumba ya wasafiri ya Sokollu Mehmed Pasha huko Lüleburgaz. Baada ya chakula cha jioni ngoma zilipigwa na lango likafungwa. Aliyechelewa, hata akifika usiku wa manane, alifunguliwa na kupewa chakula. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kutoka kabla ya kucha. Asubuhi walinzi waliwauliza wasafiri wote kwa sauti kama kila mmoja ana mali yake, mnyama wake na nguo zake kamili. Walipojibu kwamba vyote vipo, ndipo lango lilipofunguliwa na watu wakaagwa kwa dua. Yaani aliyebeba dhamana ya usiku alikuwa mwenye lango, na msafiri aliweza kufumba macho yote mawili. Kule Kibaoni dhamana imo mikononi mwa kijana aliyelala juu ya magunia, na akiibiwa gunia moja huenda likakatwa kwenye ujira wake.

Nadhani sababu mojawapo ya bonde letu kutokuwa na lango la namna hiyo ni kwamba kwa miaka mingi mto wenyewe ndio uliowalaza watu. Kabla ya daraja, lori la Mahenge au Malinyi lilivuka kwa kivuko, na lililofika ukingoni kwa kuchelewa lilingoja asubuhi. Maji yakijaa, lilingoja zaidi. Masika yakikolea, tope la njia ya Mlimba lilishikilia magari kwa siku kadhaa. Watu wa kando ya mto walipika, wakauza samaki, wakakodisha mikeka. Ulikuwa usumbufu mkubwa, na ulikuwa na hatari zake. Mwezi Januari 2016 kivuko cha Kilombero kilipinduka. Hakuna mwenye akili timamu anayetamani siku zile zirudi. Lakini ni kweli vilevile kwamba katika siku zile dereva alikuwa na neno la kumwambia tajiri wake: mto umenizuia. Hakuna aliyemlaumu kwa kulala.

Daraja la Magufuli juu ya mto huo, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa mwezi Mei 2018. Lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, nayo imefuata. Reli ya TAZARA, iliyopita bondeni tangu miaka ya 1970, ilikuwa imewazoesha wafanyabiashara wadogo aina nyingine ya usiku, kwa kuwa abiria wa treni ya kipisi alisinzia pembeni ya gunia lake huku dereva wa treni akiwa macho. Lori haligawi kazi hivyo. Mabasi yaliwahi kuzuiwa kusafiri usiku kucha nchini kuanzia miaka ya 1990 hadi Oktoba 2023, ilhali malori yaliendelea na giza lake kama kawaida, tena wengi hulipenda kwa sababu matairi hayapati moto kama mchana. Kwa hiyo mapumziko yaliyokuwa yakiamriwa na mto sasa hayana anayeyaamrisha. Simu ya tajiri huita saa nne usiku: soko la Dar linafunguliwa alfajiri, upo wapi?

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa anayofanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Swali gumu ni jingine. Mtu aliyejilaza kwenye kiti huku sikio moja likiwa kwenye tangi la mafuta anapumzika, au yuko kazini?

Ulaya imelijibu swali hilo waziwazi kuliko mahali pengine ninapopajua. Kanuni namba 561 ya mwaka 2006 ya Umoja wa Ulaya inaruhusu saa 9 za kuendesha kwa siku, inataka dakika 45 za mapumziko baada ya saa nne na nusu, na kwa kawaida saa 11 za kupumzika kila siku; na inaeleza kwamba mapumziko ni muda ambao dereva anautumia apendavyo. Kifaa kilichofungwa ndani ya gari huandika kila dakika. Desemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kwamba mapumziko kamili ya wiki, yaani saa 45 na kuendelea, hayawezi kuchukuliwa ndani ya gari, na kanuni za mwaka 2020 zikaongeza kwamba gharama ya malazi hayo ni ya mwajiri. Kwa maneno mengine, mwenye kampuni ndiye mlipaji, na imeandikwa hivyo.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa inahitaji ardhi ya kuegesha. Ujerumani ina upungufu mkubwa wa maegesho. Jioni malori hujaa mpaka kwenye njia za kuingilia vituo vya mapumziko. Jumapili malori yanayozidi tani 7.5 huzuiwa barabarani hadi saa nne usiku, nao madereva kutoka Poland, Lithuania, Georgia au Uzbekistan hushinda siku nzima kando ya magari yao wakipika kwa majiko ya gesi. Dereva wa semi wa kwetu anayehifadhi jiko na sufuria kwenye sanduku la pembeni ya tela angeketi nao bila kuhitaji mkalimani. Mwaka 2023, kwenye kituo cha Gräfenhausen karibu na Darmstadt, madereva kadhaa, wengi wao Wageorgia na Wauzbeki, waliegesha na kukataa kuondoka kwa wiki nyingi wakidai ujira wao, mara ya kwanza majira ya kuchipua na mara ya pili tangu Julai hadi Septemba. Wanavyama vya wafanyakazi na watu wa makanisa waliwapelekea chakula. Wapagazi wa Unyamwezi walioacha mizigo chini kwa ajili ya posho wangeielewa habari hiyo mara moja.

Marekani nayo inahesabu saa: 11 za kuendesha, kisha 10 za kupumzika, na tangu Desemba 2017 kwa mashine ya kielektroniki. Ukali wa saa una mtego wake. Muda ukiisha dereva lazima asimame, hata kama hapo alipo hakuna pa kusimama. Mwaka 2009 dereva mmoja aliyekosa maegesho aliegesha kwenye kituo cha mafuta kilichotelekezwa huko South Carolina na kuuawa na mwizi. Mwaka 2012 Bunge la nchi hiyo likapitisha kifungu kinachojulikana kwa jina lake, Sheria ya Jason, ili maegesho yajengwe. Lakini kwa kiasi kikubwa usiku wa dereva wa Marekani hulipiwa na soko. Vituo vikubwa kama Iowa 80, kilichofunguliwa mwaka 1964 pale Walcott, vina bafu, kinyozi, daktari wa meno na hata mahali pa ibada, na anayenunua dizeli ya kutosha huoga bure. Hapa Marekani na Kibaoni zinakutana kwa namna isiyotarajiwa. Mwanga unaolinda lori la Kibaoni ni wa mfanyabiashara pia, na sahani ya wali ndiyo kodi ya taa. Tofauti ni kwamba mama lishe hana dizeli ya kuuza, faida yake ni ndogo, na saa tano usiku anazima taa akalale.

Ndugu wa karibu zaidi wa Kibaoni yuko India. Dhaba za kando ya barabara kuu, kuanzia Punjab hadi Bengal, humpa dereva chapati, dengu, chai nzito, na kitanda cha kamba cha kujinyoosha chini ya mti. Kitanda hakilipiwi peke yake. Kimo ndani ya chakula. Njia hiyo ya kale iliwahi pia kuwa na sarai, zilizojengwa kwa wingi wakati wa Sher Shah Suri, aliyetawala 1540 hadi 1545, zenye sehemu za Wahindu na za Waislamu ili kila mtu ale kwa desturi yake. Sarai zikawa magofu, dhaba zikabaki. Pwani yetu inakijua kitanda cha kamba tangu enzi na enzi, kwenye baraza na chini ya miembe. Inashangaza kwamba hakikupanda barabarani pamoja na wali. Kibanda cha Kibaoni kina benchi na meza, na benchi halilazi mtu.

Japani imefanya jambo ambalo naliona linatufaa zaidi. Njia ya Tokaido kati ya Edo na Kyoto ilikuwa na vituo 53 tangu enzi za watawala wa Tokugawa. Mwaka 1993 nchi hiyo ilianza kusajili vituo vya barabarani vinavyoitwa michi-no-eki, na leo vimepita 1,200. Mamlaka ya barabara na serikali ya mji huvijenga kwa pamoja: maegesho na vyoo vya bure saa 24, na duka la mazao ya wakulima wa hapo. Si kwamba huko dereva wa lori ameshapata kila kitu. Kwenye barabara za kulipia kuna punguzo la asilimia 30 kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri, kwa hiyo malori mengi husimama karibu na malango yakingoja saa sita igonge, dereva akipoteza usingizi ili mwajiri aokoe tozo. Lakini wazo la kuunganisha choo cha msafiri na soko la mkulima ni wazo ambalo Ifakara, yenye mchele unaosifika nchi nzima, ingeweza kulitumia kesho.

Kenya imejaribu kitu kingine. Mlolongo, Salgaa na Mtito Andei ni miji iliyokua kwa kulaza malori ya njia ya Mombasa, na huko makontena yaligeuzwa zahanati za kando ya barabara na shirika la North Star Alliance, lililoanzishwa mwaka 2006, zikifunguliwa saa ambazo dereva yupo. Zilianza kwa ajili ya UKIMWI, kisha zikapima presha, sukari na malaria. Fikra iliyo nyuma yake ni sahihi: maradhi ya dereva yanatibiwa anapolala, kwa sababu mchana hayupo.

Na kwa habari ya maradhi, Kibaoni ina jambo lake ambalo Gräfenhausen na Walcott hazina. Bonde la Kilombero ni nchi ya mbu. Maabara iliyoanzishwa Ifakara na Waswisi miaka ya 1950 imekua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, na leo wataalamu wa mbu duniani kote wanalijua jina la mji huu. Utafiti wa bondeni umeonyesha kwamba vyandarua vimepunguza sana malaria majumbani, ila umeonyesha pia kwamba mbu aina ya Anopheles arabiensis huuma hata nje, tena mapema, watu wakiwa bado hawajaingia ndani. Na kwamba Anopheles funestus ndiye anayeeneza sehemu kubwa ya malaria iliyobaki. Watafiti wa hapo wamejaribu hata tepe za katani zilizotiwa dawa ya transfluthrin, zinazofungwa chini ya paa kufukuza mbu bila umeme wala kelele.

Sasa mweke utingo katika picha hiyo. Amelala juu ya turubai, nje kabisa, katika moja ya mabonde yaliyochunguzwa zaidi kwa malaria barani, na chandarua hakina pa kufungwa. Kebini ya Fuso ni afadhali kidogo, lakini joto humlazimisha dereva kushusha kioo, na dawa ya kuchoma ikiisha usiku wa manane hakuna anayeamka kuwasha nyingine. Wengi wao ni wa Dar, au wa nyanda za juu za Njombe na Iringa ambako malaria ni chache na miili haijaizoea. Dalili hazianzi kesho yake. Huja baada ya wiki moja au mbili, dereva akiwa Tunduma au Mbagala, na huko ndiko anakoandikwa kwenye daftari la wagonjwa. Kibaoni hupokea faida ya lori. Homa huhesabiwa mahali pengine. Hii ndiyo gharama ya usiku iliyojificha kuliko zote, na ndiyo inayonifanya nisikubali hoja kwamba madereva wamezoea, kwa hiyo waachwe.

Halmashauri ya Mji wa Ifakara, TANROADS na wanunuzi wakubwa wa mchele wana nafasi ambayo Ujerumani haina: viwanja vya kando ya barabara bado vipo. Litengwe eneo moja nje kidogo ya njia panda, lenye ukuta, taa, lango moja na mlinzi anayewajibika kwa alichokilinda, kama wale wa Lüleburgaz. Pawe na maji, vyoo na bafu, na banda refu lenye kulabu za vyandarua na tepe za katani ambazo zimejaribiwa kilomita chache tu kutoka hapo. Mama lishe walioko sasa wapewe vibanda humo, wasihamishwe wala kubadilishwa na mgahawa wa mtu wa mbali, kwa maana wao ndio waliowalisha madereva hawa siku zote ambazo hakuna mwingine aliyewajali. Fedha ya kuanzia ipo kwenye ushuru unaolipiwa kila gunia linalotoka bondeni. Sehemu ndogo yake irudi kwa wanaolibeba gunia hilo. Na kwa wenye malori ombi ni dogo zaidi na halihitaji kikao cha baraza: posho ya malazi iandikwe peke yake, mbali na ya chakula, ilipwe kwa risiti ya gesti, na simu ya saa nne usiku isipigwe.